Upande Niliompa Gakii

Juzi, katika duka moja mjini Embu, kijana muuzaji alinivika hedifoni. "Sista, skiza hiyo besi! Inagonga mpaka kifuani." Nilichagua nyingine, ya sauti nyororo, baada ya kujaribu kila sikio peke yake. Sikuzote huanza na la kushoto.

Utotoni, nyumbani Githongo, tulikuwa na moja tu, ya sifongo, ya redio ndogo ya kaseti aliyotuachia mjomba. Upande wake wa kushoto ulikuwa umekufa. Alasiri moja dada yangu Gakii alikuwa ametoka hospitalini baada ya homa kali, na ukimya wake tuliuita uchovu. Tulikaa sakafuni, vichwa vimegusana. Nilichukua upande mzima, nikampa uliokufa bila kumwambia. Kutoka kiwandani ilikuja harufu ya maganda ya kahawa yaliyooza. Nilipigapiga mguu kufuata wimbo, naye akatikisa kichwa akitabasamu, macho yake kwenye mguu wangu.

Nikasimamisha mguu. Akasimamisha kichwa, na wimbo ulikuwa bado unaendelea.

"Mama, njoo uone! Gakii anajifanya anasikia, na upande wake umekufa!"

Nilidhani mama angecheka nami. Aliacha kuchambua kahawa, akaja akasimama nyuma ya Gakii, akamwita kwa jina. Akaita tena, kwa nguvu. Gakii hakugeuka; alikuwa akiutazama mguu wangu, akingoja uanze.

Muhula uliofuata Gakii alipelekwa shule ya viziwi, nami nilienda shuleni peke yangu.