Chati yetu ya bahari, Darasa la Tatu, na jinsi nilivyowaponza watoto

Wakuu, hamjambo humu ndani? Na wadada pia, maana najua mpo, mnasoma kimyakimya kama mimi nilivyosoma miaka mitatu bila kuandika hata neno.

Leo naandika. Mimi ni mwalimu mstaafu, nina wajukuu, na sina sababu ya kumdanganya mtu. Nilipokosea nitasema nilikosea. Majina nimebadilisha, na shule siitaji.

Ilikuwa miaka ya themanini, mfumo wa elimu wa 8-4-4 ukiwa bado mchanga na walimu hawatoshi. Nilikuwa nimemaliza form four Malindi, nikachukuliwa kuwa UT, yaani mwalimu asiye na mafunzo. UT alikuwa mtu wa barua: barua moja inamwingiza, barua moja inamtoa.

Nikapangiwa shule ya msingi nje kidogo ya Watamu. Darasa la Tatu, watoto arobaini na kitu.

Sasa hapa mtacheka. Mimi mzaliwa wa Malindi mjini, babangu fundi cherehani, na bahari nilikuwa siijui. Kwetu msichana hakwenda ufukweni ila siku ya Idi, kupunga upepo, tena na shangazi pembeni. Samaki nilikuwa namjua akiwa sahanini.

Shikeni hapo kwanza, nikaepue sufuria.

Haya, nimerudi.

Kitu cha kwanza kilichonishangaza pale shuleni ni rejista. Wiki nzima darasa linajaa, hata dawati la watu watatu linakaliwa na watano. Halafu ghafla, siku nne au tano, watoto kumi au kumi na mbili hawapo. Kisha wanarudi wote kwa pamoja, wazima, hakuna hata anayekohoa.

Ukiwauliza: "Nilikuwa naumwa, mwalimu."

Wote. Ugonjwa mmoja, wanaugua siku moja, wanapona siku moja!

Nikauliza staffroom. Wenzangu wakaniambia watoto wa huku ndivyo walivyo, nisijichoshe. Jibu hilo halikuniingia. Mimi nikishikwa na kutaka kujua jambo, hata chakula hakipiti.

Nikaanza upelelezi wangu. Nikadhani ni siku za soko, sizo. Nikadhani ni maziwa ya Nyayo, yale ya bure ya serikali, kwamba yasipokuja nao hawaji. Wapi! Kuna siku maziwa yalikuja na wao hawapo, pakiti zilizobaki tukanywa sisi walimu.

Nikaliacha hilo, nikashughulika na masomo. Na jibu likaja lenyewe kupitia somo la sayansi.

Nilikuwa nimetafuta jambo la watoto kufanya kwa mikono, maana vitabu vilikuwa sita darasa zima. Ufukwe ulikuwa karibu na shule, ukifika mwisho wa njia unaiona bahari yote. Nikasema, kila siku saa nne, wakati wa mapumziko, watoto wawili wakimbie wakatazame maji yamefika wapi, warudi watuambie, tuchore.

Karatasi niliipata kwa mafundi waliokuwa wakijenga hoteli, mifuko mitupu ya saruji. Tukaipasua, tukaipanguza, tukaibandika ukutani kwa uji wa muhogo. Rangi ilikuwa buluu ile ya kufulia nguo nyeupe.

Wakuu, watoto walilipenda jambo lile! Waliokuwa hawafungui mdomo wakawa wanagombana. "Maji yapo kwenye majani!" "Muongo, yameshapita majani, mwamba umeanza kutoka!" Nikawa nachora kadiri wanavyosema. Maji yakiwa karibu mstari uko juu, yakienda mbali mstari unashuka.

Mwezi ukapita na siku zake. Mstari ukawa unapanda na kushuka, unapanda na kushuka, kwa mpangilio. Mimi nilidhani bahari hujaa na kupwa basi, kila siku saa zilezile. Nilikuwa mwalimu mwenye cheti cha form four, na sikujua kwamba kila siku maji huchelewa kidogo kuliko jana.

Siku moja mchana, watoto wameshakwenda, nikaiweka rejista pembeni ya chati. Nikatazama huku, nikatazama kule.

Siku ambazo mstari umeshuka chini kabisa ndizo siku ambazo madawati ni matupu.

Kesho yake nikawauliza. Mtoto mmoja wa dawati la mbele, Riziki, hakuweza kujizuia. "Mwalimu, hiyo ni bamvua. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji yanakwenda mbali asubuhi. Mwamba wote unatoka. Watu wanakwenda pweza."

Darasa zima likamkodolea macho Riziki. Kisha wakanitazama mimi.

Sikumchapa mtu. Nilicheka, kwa kweli nilifurahi, maana nilikuwa nimepata nilichokitafuta. Na nadhani kicheko kile ndicho kilichowafanya waniamini.

Sasa nimlete Mwanaidi.

Mwanaidi alikuwa na miaka kama kumi, mkimya, hesabu zake za daftarini mbovu. Alikaa na nyanya yake tu. Nyanya alikuwa mchokoa pweza tangu usichana wake, lakini goti lilikuwa limemshinda, mwamba unateleza. Kwa hiyo bamvua ikifika, aliyekwenda ni Mwanaidi, kwa chuma chake chenye ncha na kikapu. Pweza mmoja waliwapelekea wanunuzi wa hoteli, mwingine wakala. Ndiyo maisha yao.

Na mwalimu mkuu alikuwa ameshatangaza: mtoto mwenye utoro atafutwa jina mwisho wa muhula, nafasi apewe mwingine. Katika darasa langu, jina lililokuwa karibu zaidi na kufutwa lilikuwa la Mwanaidi.

Basi siku moja ya bahari kujaa, Mwanaidi akaja mbele bila kuitwa. Akachukua kijiti chenye buluu, akauendeleza mstari wangu. Akapita leo, akapita kesho, akaenda wiki tatu mbele.

"Mwanaidi, hizo siku hazijafika."

"Najua, mwalimu. Lakini zitakuja."

"Umejuaje zitakuwa hivyo?"

"Nahesabu mwezi."

Na zikaja! Wiki ya kwanza maji yalifuata mstari wake siku kwa siku. Nilimshika mabega mbele ya wenzake nikamwambia amenifundisha. Alitabasamu, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza nione meno ya Mwanaidi.

Mwalimu mkuu akapita siku hiyo. Alikuwa mtu mkali lakini si mbaya, nataka mlielewe hilo, shule ile aliipenda kwa moyo. Akasimama mbele ya chati, mikono nyuma.

"Kazi nzuri sana, mwalimu. Na huku mbele ni nini?"

Wakuu, UT hasifiwi kila siku. Kichwa kikanivimba. Nikamweleza yote, kwa raha zangu, kama mtu anayesoma risala. Kwamba utoro unafuata maji. Kwamba mstari ukishuka hapa, watoto watakuwa mwambani. Jumatano, Alhamisi na Ijumaa ijayo.

Akatoa kijitabu mfukoni, akaandika.

Mimi niliona anaandika. Nikadhani ananiandikia sifa.

Jumatano ile, saa nne unusu, niliwaona wanakuja kwa njia ya ufukweni. Mwalimu mkuu mbele na fimbo, mwalimu mwingine nyuma, na katikati watoto wangu tisa, wameloa hadi kiunoni, pweza mikononi. Mwanaidi alikuwa na wawili.

Walichapwa mbele ya shule nzima. Sitaelezea.

Pweza walipelekwa staffroom. Saa saba wakaliwa, kwa tui la nazi. Mimi sikula, lakini nilikuwa chumba kilekile na sikusema neno, kwa hiyo msinisifu.

Lililoniumiza hasa ni jicho la Mwanaidi. Alipokuwa akingoja zamu yake alinitazama mimi, si fimbo. Alikuwa anajua ni nani aliyeuonyesha mstari wake.

Kesho yake Mwanaidi hakuja. Na keshokutwa, na wiki iliyofuata maji yalipokuwa yamejaa na hakuna aliyekwenda mwambani, hakuja.

Na darasani je? Saa nne nikauliza kama kawaida, "Maji yamefika wapi leo?"

"Hatujui, mwalimu."

Watoto wa Watamu hawajui maji yamefika wapi!

Nikatuma wawili. Wakarudi wakasema maji yako mbali sana. Siku ya pili wakasema mbali zaidi. Siku ya tatu nikavaa viatu nikaenda mwenyewe hadi mwisho wa njia. Maji yalikuwa yamejaa tele, karibu yaniloweshe buibui.

Walikuwa wananidanganya kwa makubaliano, darasa zima, na nyuso zao hazikutikisika. Nilirudi nimekasirika. Nilipofika mlangoni hasira ikaniisha, nikabaki na aibu tu.

Nikafanya jambo ambalo sikuwahi kuona mwalimu analifanya. Nikawaambia: "Aliyemwambia mwalimu mkuu ni mimi. Sikujua atafanya vile, lakini ni mimi. Nimekosa. Nisameheni."

Riziki akanyoosha kidole.

"Mwalimu, na wewe utachapwa?"

Nikasema sijui. Lilikuwa jibu la kweli kabisa.

Mchana ule nikaenda kwa kina Mwanaidi. Nyanya yake alikuwa kibarazani, mguu ameunyoosha. Mwanaidi aliponiona akaingia ndani.

"Shikamoo, nyanya."

"Marahaba. Wewe ndiwe mwalimu uloiandika bahari?"

"Ndimi."

"Pweza wa mjukuu wangu, mliwala?"

Nilikuwa nimejitayarishia maneno mengi njiani. Nikayaacha. Nikasema, "Waliliwa, nyanya. Mimi sikuwala, lakini sikuwazuia."

Akanisogezea kigoda. "Afadhali umesema. Kaa basi, umesimama kama mdai." Kisha akasema, "Mimi sikumkataza kusoma. Nataka asome. Lakini hiyo bamvua nimeiweka mimi? Ingekuwa inakuja jioni ningemleta mwenyewe asubuhi, kwa goti hili hili. Inakuja saa za shule, nifanyeje?"

Nikarudi na swali hilo kwa mwalimu mkuu. Nikamwomba, siku za bamvua wale watoto waje saa nane mchana, nitawafundisha mwenyewe yale ya asubuhi, wala sitaki kulipwa.

"Serikali haina saa za pweza," akasema.

Kisha akanisogezea rejista na kalamu nyekundu. "Mwisho wa muhula ndio huu. Huyo Mwanaidi mfute."

Nilikuwa na miaka ishirini. Mshahara wangu ndio uliokuwa ukiwasomesha wadogo zangu wawili. Nikamrudishia kalamu.

Nikamwambia, "Mwalimu mkuu, utoro wake tumeujua kwa sababu yeye ndiye aliyetufundisha kuuona. Ukitaka afutwe, futa wewe. Mimi siwezi."

Aliichukua ile kalamu. Sijui alifikiria nini, na nimelifikiria hilo maisha yangu yote. Mwishowe akaifunga, akaitia mfukoni.

"Abaki," akasema. "Hao wa saa nane mimi sijawaona. Ila wewe nimekuona."

Nikaenda kumwita Mwanaidi. Siku ya kwanza ya saa nane hakuja. Ya pili walikuja wanne, yeye hayumo. Ya tatu alikuja, akakaa dawati la mwisho, karibu na mlango, miguu bado ina mchanga. Hakunisalimia. Lakini alifungua daftari.

Muhula uliofuata barua yangu ikaja. Sikufukuzwa, nilihamishwa, huko bara ndani ambako ukitaka maji ya chumvi unatia chumvi mwenyewe. Mwalimu wa kiume aliyenipokea darasa aliahidi kuendelea na saa nane. Nasikia aliendelea, na Mwanaidi alifika Darasa la Nane. Nasikia tu. Sikupata kumwona tena tangu nilipoondoka.

Nilichojifunza? Nilidhani kosa langu lilikuwa kutojua bahari. Sivyo. Kujua kulikuwa kuzuri, na hadi leo nikikumbuka siku ile rejista ilipokutana na chati moyo hunirukaruka. Kosa ni kwamba nilichukua siri ya watoto nikaifanya sifa yangu.

Siku ya kuondoka nilikwenda kumuaga Mwanaidi. Nikamuuliza kama amenisamehe. Akasema kwa sauti ya mtu mzima anayempa msafiri wasia:

"Mwalimu, huko unakokwenda, watoto wakikwambia kitu, usimwambie mtu."

Nimefundisha miaka thelathini na zaidi baada ya hapo. Niliyoambiwa na watoto ni mengi, na hamtayasoma humu.

Haya, uwanja ni wenu. Walimu mliomo, na nyinyi mliowahi kuchapwa mbele ya shule nzima, karibuni mseme, hata mkinilaumu nitasoma. Ila kama kuna jambo mtoto alikwambia wewe peke yako, hilo baki nalo.