Sauti ya Mwisho Chini ya Mbao

Mimi mchezo wa kuimba nautazama kwa hasira, na wanaokaa karibu yangu wamezoea. Mtu akiimba kifo cha mama yake huku macho yanatafuta simu inayomrekodi, nafyonya. Waimbaji wakipangwa mstari mmoja kama wanafunzi wanaongoja wimbo wa taifa, nafyonya tena. Na wale wanaofungulia muziki wa kwenye flashi kisha wanachezesha midomo tu, hao sina neno nao: nachukua kitenge changu, natoka. Kundi moja tu la Lubumbashi halijawahi kunitoa nje. Likija Likasi lazima niwepo. Likienda Kolwezi nami nikapata lifti, naenda. Mara moja nililifuata mpaka Kasumbalesa na mtoto mgongoni, na mume wangu akawaambia majirani kwamba mimi nimeolewa mara mbili.

Nalipenda kwa ajili ya mama mmoja. Ni mtu mzima, sauti yake ina ufa katikati, na wasichana wa mjini wanamcheka kwamba angepumzika sasa. Hawajui kutazama. Mama yule anaigiza kwa mgongo. Waimbaji wengine wakiletewa habari mbaya jukwaani wanageuka, wanashika kichwa, wanaanguka. Yeye hageuki. Anaendelea kutwanga, au kukunja nguo, na mabega yake ndiyo yanayokuambia kila kitu. Nimemwona katika michezo mitatu, miji minne, na sijawahi kumwona akigeuza kichwa kabla ya wakati wake.

Kundi hilo lina desturi yake ya safari. Gari lao ni dogo, linabeba waimbaji wakubwa, ngoma na maspika, basi. Kwaya wanaichukua katika kila mji wanaofika: wanaenda parokiani, wanaomba waimbaji, wanafanya nao mazoezi kwa wiki moja, kisha wanapanda nao jukwaani. Watu wanasema ni umaskini. Mimi nasema ndiyo siri yao. Mwanakwaya wa parokia hajui kuigiza, na kwa kuwa hajui, hadanganyi. Anasimama anaimba kama anavyoimba Jumapili, na wewe unamwamini.

Msimu huu wa mvua walikuja Likasi, mtaani kwetu Kikula, kwenye parokia yetu. Na besi wa kwaya yetu, mwenye sauti nzito ya chini, ni mume wangu.

Sasa niseme na hili. Mume wangu ni mchimbaji. Baba yake alikuwa na kazi kiwandani, babu yake aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya mgodi, lakini yeye hakuachiwa kiwanda wala mgodi. Anachimba upande wa Kambove, yeye na wenzake, kwa nyundo na patasi, katika mashimo yasiyo na mti hata mmoja wa kushikilia udongo. Kiangazi naweza kuvumilia. Mvua ikianza, naogopa. Naogopa nikipika, naogopa nikiwa sokoni, naogopa simu ikilia na namba siijui. Nikiona mawingu upande wa magharibi, naacha kazi nasimama mlangoni. Nilimwomba, nikalia, nikamnunia. Mama mkwe akasema, "Sikio la kufa halisikii dawa." Nilimwambia kwa heshima zote asilitaje neno kufa ndani ya nyumba yangu.

Ndipo mwongozaji wa kundi alipoisikia sauti ya mume wangu. Besi wao wa siku zote alikuwa amewaacha. Akasema mbele ya kwaya nzima kwamba Jumamosi sauti hii ikikaa vizuri, ataichukua waende nayo Kolwezi na kwingineko, mpaka mvua ziishe. Mpaka mvua ziishe. Nilipoambiwa nilikaa chini hapohapo kwenye udongo. Msimu mzima mume wangu angekuwa juu ya ardhi, anaimba, na kazi yake ya kujipatia hayo ilikuwa kuimba vizuri alasiri moja.

Wiki ile ya mazoezi nilimsumbua kwa maswali. Mchezo ulikuwa mpya, juu ya mwanamke anayemngoja mumewe mchimbaji. Wamelitengenezaje shimo? Wanaangukaje? Kuna moshi? Maana naujua moshi wao, wanachoma vitambaa vyenye mafuta na mstari wa mbele wote unakohoa.

"Weye unajua kutazama," akasema. "Minye najua kuimba tu. Usiniulize."

Alikuwa anaacha bukari, ugali wetu, nusu sahani. Watoto walimwomba awaimbie kipande kimoja, akakataa, yeye ambaye huimba hata akinyoa ndevu. Nikadhani ni woga wa jukwaa. Kila mtu huwa nao mara ya kwanza, nikamwambia, na nikampikia maji ya tangawizi ya kulainisha koo. Nami nilikuwa na woga wangu: kwamba atapata mafua, kwamba atasahau maneno, kwamba mwongozaji atampata mwingine mwenye sauti nzito zaidi kule parokia ya Panda. Sikuwaza kitu kingine.

Jumamosi ikafika. Mchezo ulianza saa tisa mchana, na madirisha ya ukumbi walikuwa wameyaziba kwa maturubai meusi ili ndani kuwe giza. Nje jenereta lilikuwa linanguruma. Nilikaa mstari wa tatu, katikati, mahali ambapo maspika hayakupigi usoni. Sehemu ya kwanza sikuipenda sana. Ngoma ya arusi waliikimbiza, maneno yakamezwa. Kijana aliyeigiza bwana arusi alikuwa na shati jeupe mno kwa mtu aliyesemwa ametoka kazini. Lakini mama yule alipoingia na kukaa kwenye kibao, amewapa watu mgongo, na mbele yake sahani iliyofunikwa kitambaa, ukumbi wote ukatulia.

Wanaume wa kwaya walikuwa wamekwisha kuteremka chini ya jukwaa, ambako ndiko shimoni. Taa zikazimwa, ikabaki moja ndogo juu ya ile sahani. Kisha tukaanza kuwasikia kutoka chini, wanaimba wimbo wa kazi, na nyundo zinagonga polepole. Hakukuwa na moshi. Hakukuwa na bati la kutingishwa kuiga kishindo. Mara sauti moja ikaacha. Wimbo ukaendelea bila yake. Ikaacha nyingine, kisha nyingine, na nyundo nazo zikapungua, na mama yule anazidi kuinyoosha ule ukingo wa kitambaa. Naapa sijaona kitu kilichopangwa vizuri namna hiyo. Na sijawahi kuogopa namna hiyo katika ukumbi, maana nilijua sauti ipi ni yangu. Kila moja ilipozimika niliitafuta, nikaikuta bado iko, chini kabisa, nzito. Nikabana mkono wa jirani yangu mpaka akavibandua vidole vyangu.

Mwongozaji alikuwa amempa mume wangu sauti ya mwisho. Aliimba peke yake, bila kutetemeka, akamaliza ubeti, akanyamaza pale alipotakiwa kunyamaza. Nikapumua. Nikajua tumepata Kolwezi.

Mama akaanza wimbo wake wa kilio. Na chini ya mbao nyundo ikagonga.

Ikagonga mara tatu, ikapumzika. Ikagonga tena mara tatu. Nyuma yangu baba mmoja akamnong'oneza mkewe, "Hawa bantu banajua kazi." Kweli ilikuwa nzuri: yeye analia juu, na mmoja bado yu hai chini, na hasikiwi. Hata mimi, kwa kitambo, nilisema moyoni kwamba ndivyo walivyopanga.

Kisha mama yule akageuza kichwa. Aligeuka kidogo tu, akatazama mbao karibu na mguu wake, akarudisha uso kwenye sahani na kuendelea kuimba. Wengine hawakuona kitu. Mimi nilisimama. Mama yule hageuki.

Niliwakanyaga watu miguu mpaka mlango wa pembeni. Wanaume wa kwaya niliwakuta nje, kwenye jua, wanakunywa maji na kucheka, maana kila mmoja alipomaliza zamu yake alitoka kwa kile kilango kidogo cha nyuma ya jukwaa. Niliuliza mume wangu yuko wapi. Wakageuka kukitazama kilango. Walikuwa wametoka mmoja mmoja, wamemwacha peke yake gizani, kama walivyoagizwa.

Niliingia kwa magoti. Chini ya jukwaa lile mtu hawezi kusimama, na palinuka vumbi na mafuta. Nilimfuata kwa sauti ya nyundo. Alikuwa amechuchumaa, bega limegandama kwenye nguzo, anagonga ubao ulio juu yake. Nilimshika mkono, ulikuwa umelowa jasho.

"Bote bananyamaza," akaniambia. "Minye napiga, napiga, hakuna muntu anaitika."

Hakujua anasema na nani. Hapo ndipo nilipokumbuka msimu wa mvua uliopita, siku mbili ambazo hakurudi nyumbani. Alisema pikipiki iliharibika njiani. Alikuja na udongo hadi ndani ya masikio, akaoga, akalala, na baada ya hapo hatukulizungumza tena. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mimi ninayejidai kuusoma mgongo wa mwigizaji, wa mume wangu sikuusoma.

"Ni minye," nikamwambia. "Tutoke."

"Kwenda pole pole," akasema. "Itatuangukia."

Basi tulitoka polepole, mimi mbele, yeye nyuma yangu, na njia yote alikuwa ameweka kiganja chake juu ya kichwa changu, ananikinga. Juu yetu mama yule alikuwa anamaliza kilio chake. Tulipofika kwenye kilango, ukumbi ulikuwa unapiga makofi.

Mwongozaji si mtu mbaya. Alitukuta ukutani, mume wangu ameinamisha kichwa, nampaka maji usoni kwa ncha ya kitenge. Alichuchumaa karibu naye, akamuuliza anajisikiaje, akaleta soda. Halafu aliniita pembeni. "Mama, sauti ni nzuri sana," akasema. "Lakini mchezo huu siwezi kumrudisha chini kule. Na sina mchezo mwingine safari hii." Nilitaka kumgombeza. Nilitaka kumwambia abadilishe, amweke juu, amvike kanzu ya padri, lolote. Lakini nilijua ana haki, na nilijua ameupanga mchezo vizuri. Jumapili gari lao likaondoka, na juu yake wamefunga ngoma na yale maturubai.

Mchana huohuo, watoto wakiwa kwa bibi yao, mume wangu aliniambia. Hakuniambia mengi. Walikuwa watatu upande wa ndani udongo ulipokuja. Waligonga kwa zamu. Walikuwa wanaulizana, uko? niko. Baadaye aliuliza na hakuna aliyejibu, akaendelea kugonga peke yake mpaka waliokuwa juu wakatoboa.

"Na weye ulirudi tena mule?" nikasema. Nilikuwa na hasira na hofu, sijui ipi ilikuwa kubwa. "Ju ya nini?"

"Batoto banakula nini?" akasema. Kisha akasema, "Na kama sikurudi, bangejua niko na woga."

Jumatatu asubuhi ilikuwa inanyesha, ile mvua nyembamba isiyo na haraka. Mwenzake anayechimba naye, ambaye kila siku humpitia kwa pikipiki, alipiga honi mbele ya nyumba. Mume wangu alikuwa kwenye ukingo wa kitanda. Alikuwa amevaa buti moja. La pili alikuwa amelishika mkononi, analitazama ndani. Honi ikapigwa tena. Akaniangalia, na sijawahi kuangaliwa na mtu mzima namna ile. Hakusema "mwambie." Lakini hakuvaa lile buti.

Nilitoka nje na kitenge kichwani. Nilikuwa nimeandaa maneno makali, maana nilijua wanaume hawa wanavyochekana.

"Shemeki, iko wapi?" akauliza. "Tunachelewa."

"Haendi."

"Iko mugonjwa? Malaria?"

"Hapana," nikasema. "Iko na woga."

Nikangoja acheke, nimwage kila kitu nilichokuwa nacho. Hakucheka. Alitazama barabara ya Kambove, ilivyokuwa inatiririka tope jekundu, na matone yanamdondoka kwenye kofia. Kisha akazima pikipiki.

"Hata minye," akasema.

Akaniuliza kama anaweza kuingia, akae kidogo.