Mtoto wa Sili Hapakatwi

Mwanangu Zawadi, ipo siku moja ambayo sijaweza kuisahau, na jana umenifanya niikumbuke yote. Ulikuja ofisini kwangu hapa kwenye jengo la Tianxiu kuniaga, kwamba chuo kinakupeleka Namibia kuhesabu sili wa manyoya, wale wanyama wa baharini wanaolala ufukoni kwa maelfu. Nilifurahi kweli. Kisha ukacheka, ukasema, "Shangazi, nitakuletea picha nimempakata mtoto mmoja!" Nikanyamaza, maana wateja walikuwa wamejaa na jirani yangu Mchina ananiita "Laoban! Laoban!", yaani bosi, kana kwamba jengo linaungua. Sasa nimetulia, nakuandikia. Soma kabla hujafunga begi.

Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na saba na mikono isiyotulia. Nilikuwa nimeyazoea maduka ya jumla ya mtaa wa Guangyuan Xilu, ambako jaketi hulinunui kwa macho. Unalishika, unalifinya, unayapulizia manyoya ya kola uone kama yatarudi mahali pake. Mwenye duka anakukunjia uso, wewe unaendelea kufinya. Ndivyo nilivyofundishwa kazi, na niliiweza.

Basi nikapeleka kontena la majaketi kwenye mji mmoja wa bandari huko Namibia, karatasi zikakwama forodhani. Mwenyeji wangu aliponiona nimechoka kusubiri, akanikutanisha na Mzee Tomasi, mlinzi wa mazalia ya sili. Usishangae kwamba tulielewana. Ujanani aliishi Tanzania, wakati wenzake wakipigania uhuru, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko changu. Akanichukua kwenda kuwaona.

Kwanza ilinipata harufu, nikaziba pua kwa leso. Halafu ukungu ukainuka kidogo, na ufuko mzima ukawa unatembea. Madume yenye vifua vipana yanagombania hatua mbili za mwamba, majike yanaitana, watoto weusi wanalia kama mbuzi. Maji ya huko ni ya baridi inayoingia mpaka kwenye mifupa, nao wanajitupa humo kama watoto wa Mombasa siku ya Idi. Sili akiwa juu ya mwamba anajikokota, unamwonea huruma. Akishaingia mawimbini, unaona haya kwa kumhurumia. Mpaka leo sijaona kiumbe anayeogelea kwa raha namna ile.

Mzee Tomasi aliniambia nisivuke ukuta mfupi wa mawe. Alipogeuka kuzungumza na wageni wengine, nikamwona mtoto mmoja karibu na ukuta, peke yake, akilia. Nikamtafuta mama yake kwa macho, simwoni. Nikajiambia, huyu katupwa. Nikaruka ukuta, nikamfunga kwenye leso yangu, nikampakata. Ilikuwa huruma, lakini nisikudanganye: mkono wangu nao ulitaka kuyajua yale manyoya.

Sili waliokuwa karibu wakashtuka. Mmoja akakimbilia majini, wengine wakamfuata, wakiwakanyaga watoto waliokuwa njiani. Mtoto mmoja, ambaye hata sikuwa nimemwona, akabaki amelala mchangani. Hakuinuka tena.

Mzee Tomasi hakunifokea, na afadhali angenifokea.

"Binti, mrudishe. Pale pale ulipomtoa."

Nikamrudisha, nikaanza kujitetea. "Mzee, mama yake kamwacha."

"Mama yake kaenda kutafuta samaki ili apate maziwa. Huwa wanakaa baharini siku mbili, tatu, halafu wanarudi. Wewe una mtoto?"

"Ninaye. Ana mwaka mmoja. Yuko Mombasa kwa mama yangu."

"Na mpita njia akimkuta analia, amchukue?"

Ilikuwa miezi mitatu sijamshika mwanangu.

Akanieleza kwamba jike humtambua mwanawe kwa sauti na kwa harufu. Na mimi nilikuwa nimempaka harufu yote ya udi iliyokuwa kwenye leso yangu! Tukakaa nyuma ya ukuta tungoje kama atakubaliwa. Nilisali sala zote ninazozijua. Alasiri, jike mmoja akatoka majini, akaita. Watoto kadhaa wakamkimbilia, akawasukuma. Akaita tena. Yule wangu, nasema wangu bila haki yoyote, akajibu. Jike akaja, akamnusa, akarudi nyuma. Akaita tena karibu kabisa, mtoto akamjibu usoni pake. Ndipo jike akalala ubavu, mtoto akanyonya. Nililia mpaka Mzee Tomasi akanipa kitambaa chake.

Hebu fikiria, katika kelele zile zote. Mimi siku yangu ya kwanza Guangyuan Xilu nilipotezana na dada niliyefuatana naye, akaniita mara tatu nami nikidhani anayeita ni mtu mwingine.

Tulipokuwa tunaondoka, jike mwingine alikuwa pale mchangani, akiita. Aliita, akasikiliza, akaita tena. Tulikwenda mpaka garini tukimsikia, na hakuna aliyemjibu.

Mzee Tomasi aliniambia kwamba zamani watu waliwaua sili kwa ajili ya manyoya mpaka miamba mingine ikabaki mitupu. Sili waliporudi, ni kwa sababu walikuwapo watu waliokubali kukaa mbali nao. Basi nasaha yangu kwako ndiyo hiyo, mwanangu. Wahesabu kwa mbali. Ukimwona mtoto analia peke yake, mwache alie, maana sauti hiyo ndiyo inayomrudisha mama yake. Wenzako wakikucheka kwamba umefika mpaka huko na hukugusa hata mmoja, waache wacheke. Kupenda kitu si lazima ukishike, na mimi nililijua hilo kwa kumwua asiyenikosea.

Nenda salama. Mungu akupe macho yanayoshiba kwa kutazama, na mikono yenye subira, na kila unayemwacha nyuma umkute ukirudi.