Unga Mweupe wa Chepkurui

Agosti 2007 Chepkurui aliambiwa wazi: mmea aliopewa kuuchunguza ukitoa kitu cha maana, ataajiriwa kwa kudumu, usipotoa, mkataba wake unaisha Desemba. Alikuwa fundi wa maabara katika chuo kimoja cha Nakuru, na wanawe wawili walimngoja katika chumba cha kupanga mtaa wa Bondeni.

Mmea wenyewe huota kando ya ziwa Elmenteita, kwenye udongo wa magadi unaoua mimea mingine. Majani yake manene yana chumvi kali. Ndani yake mna polisakaridi, sukari zilizoshikana kama mnyororo mrefu, na inasemekana huzuia seli za mwili zisiharibike. Kuzitoa ni kazi ya jikoni tu: unakausha majani, unasaga, unachemsha, unachuja, kisha unamimina spiriti. Sukari haipatani na spiriti. Hujikunja na kutuama chini kama maziwa yaliyoganda.

Mwanzoni alipata unga wa kahawia. Aliupeleka kwa Daktari Peterson, mkuu wa utafiti, aliyekuwa darasani na wanafunzi wake.

"Hii ni nini, mama? Ugoro?" Wanafunzi wakaangua kicheko. "Peleka sokoni, wazee wanuse."

"Ni ile sukari, Daktari."

"Sukari ya matope? Niletee kitu safi. Kwani kwenu hamuoshi vyombo?"

Achola, fundi mwenzake, alimsihi aupime kwanza. Chepkurui aliuacha unga palepale mezani kwa Peterson. Hakutaka kuuona tena.

Kwao Bomet, kibuyu cha maziwa hupakwa ndani makaa ya mti wa senetwet, na makaa hayo hunyonya kila uchafu. Aliagiza makaa kwa mamake, akayasaga, akachuja mchuzi wa majani humo mara tatu. Ulitoka mwangavu. Kufikia Novemba alikuwa na unga mweupe pe, hata Achola akapiga mluzi.

Siku ya kupima, Desemba, uchaguzi ukikaribia, wanafunzi waliitwa tena. Kuna dawa ya rangi ya zambarau. Unga unaofaa huifanya ipauke hadi manjano. Chepkurui alitia unga wake. Nusu saa ikapita. Zambarau ikabaki zambarau.

"Makaa yako yamekula kila kilichofaa," Peterson alisema. "Nguvu ilikuwa kwenye ile rangi ya kahawia, iliyong'ang'ania sukari. Niliupima ule ugoro wako Septemba. Uliipausha zambarau kwa dakika nne."

"Septemba? Mbona hukuniambia?"

"Nilitaka kuona utafika wapi." Wanafunzi walicheka tena, safari hii kwa sauti ya chini. "Ripoti nimeshatuma. Kuna kitu kimoja tu: hukuandika ulichemsha kwa muda gani. Kaa hapo uandike."

"Na jina langu, Daktari?"

"Mkataba wako unaisha. Jina la nini?"

"Basi nipe barua ya kutafutia kazi."

"Andika kwanza."

Achola alimkanyaga mguu chini ya meza. Chepkurui aliandika hata hivyo, hatua kwa hatua: joto, dakika, kipimo cha spiriti, mara ngapi alikoroga. Kurasa tatu. Peterson alizisoma akiwa amesimama, akazikunja, akazitia mfukoni.

"Barua, Daktari?"

"Karani amekwenda kwao kupiga kura. Rudi Januari, mambo yakitulia."

Alimshukuru.