Mtoto Aliyengoja Jina Langu Uingereza

Kosa ni langu. Naanza hapo ili msije mkanitafutia kisingizio, maana najua watakuwepo wa kusema, "Maskini, alichoka na safari." Sikuchoka! Nilikuwa na dharau, basi. Dharau niliyoilea hapa Johannesburg kwa miaka mingi kuliko nilivyowalea wanangu.

Mimi ni Mkenya, mke wa mtu, nina wavulana wawili, na kazi yangu iko benki huko Sandton, mtaa wa matajiri. Nimewahi kumwona Mkenya mwenzangu akishuka kwenye treni na sukuma wiki zimechomoza mfukoni, nikageuza uso nisimsalimie. Nywele nilikuwa nikisukwa mtaa wa Rosettenville na akina mama Wakongo kwa sababu mikono yao ni hodari, lakini nikishaketi pale najifanya sijui Kiswahili. Wananiuliza kwa Kiswahili, nawajibu kwa Kiingereza! Na kichwa changu kiko mikononi mwao. Upuuzi ulioje!

Tumezaliwa wawili tu kwa mama yetu, mimi na mdogo wangu Njeri. Njeri yuko Uingereza. Kazi yake ni kutunza wazee, kuwaogesha na kuwalisha, na mimi nikiulizwa na marafiki nasema, "Yuko kwenye mambo ya afya," halafu nabadilisha mazungumzo. Anaishi katika mji mmoja wa kale wenye kanisa kuu ambalo watu hutoka pande zote za dunia kuja kulitazama. Nilikuwa nikijiambia kwamba mji mzuri vile haukustahili mtu kama Njeri. Nawaambia ukweli, hivyo ndivyo nilivyokuwa nikifikiri juu ya ndugu yangu wa tumbo moja.

Mwaka huu Njeri alijifungua binti wa tatu. Sasa asiye Mkikuyu anielewe hapa. Kwetu mtoto hapewi jina kwa sababu linapendeza masikioni. Binti wa kwanza huitwa jina la mama wa mume, wa pili jina la mama wa mke, kisha zinafuata zamu za akina shangazi na mama wakubwa. Mume wa Njeri hana dada. Kwa hiyo huyo wa tatu alikuwa wangu. Alikuwa mimi! Kwetu tunaamini kwamba mtu aliyeitiwa mtoto hafi akaisha.

Wakati huo Mama alikuwa amekuja kutoka Kenya kukaa nasi kidogo. Uingereza alikuwa ameomba viza, wakamnyima. Akafungua begi lake jikoni kwangu, akatoa njahi, unga wa uji, na kiondo, kikapu kidogo cha mtoto alichokisuka mwenyewe. Njahi ni yale maharagwe meusi yenye mstari mweupe, na kwetu hupikiwa mwanamke aliyejifungua ili apate nguvu na maziwa.

"Mama, Uingereza kuna kila kitu," nikamwambia.

"Kuna njahi zilizotoka kwa mama yake?"

Nikafungua friji kama mtu anayetafuta kitu.

"Mimi wamenikatalia," akasema. "Sasa wewe ndiye miguu yangu. Nenda ukamshike mtoto. Jina halijatamkwa, Njeri anakungoja wewe ulitamke."

Nikasema sawa. Lakini moyoni mwangu safari ilikuwa nyingine kabisa! Kanisani kwetu kuna mama mmoja, Mkenya pia, aliyekuwa amepeleka familia yake Ulaya, na tangu arudi hatukupumua kwa picha zake kwenye grupu la WhatsApp la akina mama. Huyu hapa chini ya mnara. Huyu hapa na glovu. Wanawake wazima, wenye kazi na waume, tunashindana kwa picha kama watoto wanaoshindana kwa peremende! Nikaona Pasaka ndiyo nafasi yangu ya kumfunga mdomo. Wikendi ndefu, familia nzima, mji wa kale, kanisa kuu nyuma yetu. Mtoto wa Njeri tungempitia tukipata nafasi.

Asubuhi ya safari nilitia kiondo kwenye sanduku kwa sababu kilikuwa kinapendeza. Njahi na unga nikaviacha kwenye buti la gari, chini ya mpira wa watoto. Nikajiambia watu wa forodha watanisumbua. Uongo mtupu! Wakenya wangapi wamepita na njahi zao? Mimi niliona aibu tu, sanduku langu lifunguliwe mbele ya watu zitoke njahi.

Tukafika Ijumaa Kuu. Njeri akapiga simu hata kabla sijavua koti.

"Nimewatandikia chumba cha wasichana," akasema. "Wao watalala na sisi. Mtakuja saa ngapi?"

Mimi nilale kwenye kitanda cha watoto, ukutani picha za katuni? Nikamwambia tumeshachukua hoteli karibu na kanisa, na kwamba tutakuja kesho. Kesho yake nikasema kesho.

Na tulikuwa tukifanya nini cha maana hivyo? Niwaambie. Tulikuwa tukizunguka kwenye mvua ya manyunyu tukitazama mawe. Mume wangu alinunua kofia ya sufu akawa anasoma kila kibao ukutani kwa sauti, utafikiri kuna mtihani. Tulipita vichochoro ambamo watu wawili hawapishani bila kuombana radhi. Tukanywa chai kwenye mkahawa wenye vikombe vya maua, na vile vimikate vyao ambavyo usipopaka siagi na jemu havimezeki. Mimi nikavisifu! Nikafumba macho nikavisifu mbele ya simu, huku nikitamani chapati.

Kile kiondo nilikuwa nimekibeba mkononi. Bibi mmoja wa Kizungu alikisifu pale mkahawani, na tangu hapo sikukiweka chini tena. Ndani nilitia simu, rangi ya midomo na ramani ya mji. Kiondo cha mtoto mchanga! Nilipiga nacho picha mlangoni pa kanisa, nikapiga nacho darajani, nikapiga nacho kila mahali.

Ndani ya kanisa lenyewe kuna maaskofu wa kale wamechongwa kwa mawe, wamelala chali juu ya makaburi yao, wengine pua zimekatika. Mwanangu mdogo akanivuta koti. "Eish, Mama, hawa wamelala hapa wanangoja nini?" Nikamwambia anyamaze, nikainama nikasoma majina yao pale kwenye jiwe, pole pole, kwa heshima zote. Majina ya watu nisiowajua wala wasionijua! Wamechongewa ili wasisahaulike. Na upande wa pili wa mji huohuo kulikuwa na mtoto wa damu yangu anangoja kuitwa jina langu, na mimi sina muda.

Jumapili ya Pasaka ndiyo siku aliyokuwa ameipanga Njeri. Alikuwa amewaalika akina mama wa huko waje kuona mtoto, kama desturi ilivyo, na mimi ndiye niliyekuwa nimpokee kwanza. Alianza kupiga simu tangu tulipotoka ibadani. Nilipopokea nikasikia vicheko vya wanawake nyuma yake, na sufuria zikigongana.

"Dada, mko wapi? Watu wamefika."

Nikatazama nje ya dirisha la hoteli. Mvua ilikuwa imekatika, jua limepiga ukuta wa kanisa ukawa kama dhahabu. Mwanga wa picha ninaoujua mimi! Nikamwambia, "Njeri, mtoto wangu huyu mdogo ana homa kali. Siwezi kumleta kwa kichanga. Utanisamehe."

Akawaambia wenzake wapunguze sauti. Kisha akasema, "Pole sana. Mpe maji mengi. Tutamwombea."

Wakamwombea! Baadaye niliambiwa kwamba wanawake wote mle ndani walisimama wakashikana mikono, wakamwombea mwanangu apone. Na mimi kwa wakati huo nilikuwa nimempandisha huyo mgonjwa juu ya kiukuta, ana aiskrimu mkononi, anacheka meno yote nje. Nikapiga picha, nikaiweka kwenye status. "Pasaka na familia yangu," ndivyo nilivyoandika. Nilimfikiria yule mama wa kanisani kwetu tu, kwamba ataiona. Kwamba Njeri naye ana simu hata haikunipitia akilini. Mtu mwenye dharau husahau kwamba wale anaowadharau wana macho.

Hakupiga tena siku ile.

Jumatatu asubuhi tulikuwa kwenye nyasi mbele ya kanisa, mume wangu anatafuta kibao ambacho hajakisoma, nikamwona Njeri anakuja. Amenenepa usoni, anatembea taratibu kama mwanamke ambaye bado ana maumivu. Pembeni yake kulikuwa na mama mmoja mnene aliyembeba mtoto mgongoni kwa kitenge. Nilitambua ni mtu wa wapi kabla hajafungua mdomo. Mkongo! Nilihisi nimekaa tena kwenye kile kiti cha Rosettenville.

"Nimekuletea umwone," Njeri akasema. "Kwa sababu wewe ulishindwa kuja."

Hakupaza sauti. Wanangu wakamkimbilia, akawakumbatia wote wawili, kisha akamshika huyo mdogo paji la uso. "Homa imeisha?" akamuuliza. Mtoto akanitazama, hajui homa gani. Natamani ardhi ya wale maaskofu ingefunguka siku ile.

Yule mama mwingine akanipa mkono kwa furaha. "Bonjour, dada. Mimi ni jirani yake. Tulikungoya sana jana, mpaka chakula ikapola. Mutoto alikuwa analia, nikasema, eh, leteni, mimi nitamubeba."

Akafungua kitenge, nikamwona. Nywele nyingi, na paji la uso la Mama kabisa. Nikanyoosha mikono.

"Anaitwaje?" nikauliza. Nilidhani najua jibu. Nilitaka tu kulisikia kinywani mwa mdogo wangu.

"Anaitwa Nabintu," Njeri akasema.

"Nabintu? Jina gani hilo?"

Mnaona? Hata pale, hata mikono yangu ikiwa mitupu, dharau ilitangulia!

"Ni jina la huyu," Njeri akasema, akimwekea yule mama mkono begani. "Nilipozidiwa na uchungu ndiye aliyenipeleka hospitali, akakaa mpaka mwisho. Akanipikia uji wa kwao mwezi mzima. Jana wakati wa kumpokea mtoto ulipofika, wanawake wote walisimama wananitazama mimi. Ningewaambia nini, Dada? Wangoje mpaka umalize kupiga picha?"

Kisha akatazama mkono wangu. "Hicho kiondo ni cha Mama."

Nikapiga magoti palepale kwenye nyasi zenye maji, nikaanza kukimimina. Rangi ya midomo, ramani, tishu, risiti za mkahawa. Njeri alikuwa amesimama juu yangu, hakuinama kunisaidia. Nikampa kikiwa kitupu. Aliniruhusu nimshike mtoto kidogo, nikamshika, akalia, yule Mkongo akamchukua akanyamaza.

Tukarudi Johannesburg. Mama alitoka nje kutusaidia mizigo, na kabla sijamzuia akafungua buti la gari. Akasogeza mpira wa watoto. Akaziona njahi zake zimekaa kama alivyozifunga, na unga wake pembeni.

Afadhali angenitukana! Nilimsubiri anitukane. Alizibeba mwenyewe mpaka chumbani kwake, akafunga mlango polepole. Njeri alikuwa ameshampigia.

Siku ya Mama kuondoka nilimkuta anazipanga tena kwenye begi.

"Mama, mbona unazirudisha? Tutazipika hapa."

"Zilikuwa za mtu," akasema. "Hapa hazina mtu."

Njahi zikapanda ndege kutoka Nairobi kuja Johannesburg, zikapanda ndege tena kurudi. Tulipokuwa tunatoka kumsindikiza Mama uwanja wa ndege tukasimama kwenye roboti, taa za barabarani, mwanangu mkubwa akaniuliza kwa nini nalia. Nikamweleza habari ya majina, na kwamba labda siku moja yeye atanipa binti wa jina langu. Akacheka kwa upole. Akasema kwa Kiingereza chake cha hapa kwamba majina yale ni ya zamani mno, na watoto wake yeye atawapa majina mazuri. Nani alimfundisha kucheka vitu vya kwao? Ni mimi, nani mwingine!

Zile picha zilipendwa sana, kama mnataka kujua. Yule mama wa kanisani aliweka vidole gumba na mioyo, na wiki iliyofuata akaweka za kwake za mahali pengine. Hata kunionea wivu hakunionea. Wanawake wa aina yetu hatuna haya wala hatushibi.

Njeri tunazungumza. Ananiita Dada kama zamani, ananijibu kila nikimuuliza, na haniulizi chochote. Nikipiga simu ya video nasikia wanamwita mtoto, "Nabintu! Nabintu!" naye anageuza kichwa. Rosettenville nimerudi kusukwa, na sasa nawasalimia kwa Kiswahili. Wananijibu vizuri, kisha wanaendelea na mazungumzo yao.

Wewe dada unayesoma hii ukiwa na tiketi mkononi, nisikilize mimi mjinga. Ukiambiwa njoo ushike mtoto, nenda ukamshike! Lala kwenye hicho kitanda cha katuni. Kanisa limesimama pale tangu enzi na enzi, lingekungoja mpaka mwaka ujao bila kununa. Mtoto hangoji. Wahenga husema majuto ni mjukuu. Wangu akija, hata huyo hatakuwa na jina langu.

Na wewe mhariri, nakuomba jina langu usiliandike popote. Lifiche tu. Hakuna mtu mwingine wa kuliitikia.