Mfupa wa Paja

Juzi mjukuu wangu alikuwa akitazama sinema ya dinosaria, mmoja anavuka maghorofa kama mtu anayevuka mtaro. Akaniuliza, "Bibi, kweli walikuwa wakubwa hivi?" Nikajifanya natafuta miwani. Swali hilo, ndugu yangu, linanichanganya tangu utotoni.

Miaka ya hamsini tulikaa Ngamiani, mjini Tanga. Jirani yetu alikuwa mzee wa Lindi, aliyekuja huko kukata mkonge asirudi tena kwao. Ujanani, zama za Mjerumani, alikuwa mpagazi, akibeba mifupa iliyogeuka mawe kutoka porini hadi bandarini. Jioni, bibi yangu akichoma mihogo, mzee huja kutusimulia, na watu humcheka. Siku moja alisimama kwenye ukuta wetu, akapiga mstari wa mkaa shibiri moja juu ya kichwa chake. "Mfupa wa paja, mmoja tu, wafika hapa. Tuliupanga vipande chini, nikalala kando yake." Wakasema huyo alikuwa tembo. Bibi yeye alililia chokaa yake.

Ikaja Idi, mjomba akatupeleka sinema mchana. Akatokea mnyama wa kale, kama wale wa mifupa ya mzee, mguu wake mmoja ukafunika nyumba nzima. Nilijikojolea kidogo, na hilo sijamwambia mtu mpaka leo.

Mtaa ukageuka. Waliomwita mzee mwongo kwa kuzidisha, sasa wakamwita mwongo kwa kupunguza. "Wewe ulibeba mfupa wa kitoto chake!" Mzee akaniita pale barazani, mbele ya watu wote.

"Mwanangu, wewe umemwona kwa macho yako. Paja lake lafika wapi?"

Nilivurugikiwa. Kile kitambaa cha sinema hakikuizidi sana nyumba yetu kwa urefu, na watu waliomkimbia mnyama walikuwa kama kidole changu. Sasa nipime kwa kipi? Ningeweza kusema sijui. Lakini watu walikuwa wananitazama, nami nilipenda sifa. Nikaonyesha kilele cha mnazi.

Wakaangua kicheko. Mzee aliutazama ule mnazi kwa muda mrefu, kisha akaenda zake bila kuaga.

Aliporudi, hadithi ilikuwa nyingine. Mfupa ulifika paani. Mwaka uliofuata ukapita paa. Watu sasa walimsikiliza, wakimmiminia kahawa, wakimwita shahidi. Alizikwa na sifa hiyo.

Nilikuwa mtu mzima nilipokutana na picha kitabuni: mfupa wa paja wa mnyama wa Lindi, na mtu kasimama kando yake. Ulimzidi kimo kwa shibiri hivi. Nililia, sioni haya kusema. Wa barazani wote wametangulia, na hata baraza lenyewe limevunjwa, pamejengwa duka la simu. Sina wa kumwendea nikamwambia kwamba mzee yule alikuwa mkweli, na kwamba uongo alijifunza kwangu.