Jibu la Adabu

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, aliitwa kwenye mahojiano ya kazi na ofisi moja ya meli ya huko Kilindini. Jua la geti la bandari, alikokuwa akiuza laini za simu, lilikuwa limemchosha, na kazi hii ilikuwa ya kivulini. Bosi alikuwa Mwingereza aliyeko kwao, kwa hiyo wangeonana kwa video. Nikakabidhiwa jukumu la kumnoa Kiingereza. Nina shahada mbili za lugha hiyo. Hatimaye zingemfaa mtu.

Hakuhitaji kunolewa sana. Getini alikuwa akielewana na mabaharia wa Kifilipino hadi kutaniana, pengine kwa sababu pale Kiingereza hakikuwa na mwenyewe. Mwenye lugha ndiye aliyetutia kiwewe. Nikamkazania matamshi mpaka dada akalalamika: "Utamvunja mwanangu ulimi!"

Siku yenyewe mimi na dada tulijibanza mlango wa jikoni. Bosi aliongea mbio, akimeza nusu ya maneno, lakini binti hakupotewa na hata moja. Nikajipongeza. Kisha akaulizwa kama ataweza kuishika ofisi peke yake, meli zikifika kwa pamoja.

"Nitajaribu, Mungu akipenda," akajibu, macho chini.

Bosi akauliza tena, taratibu: ana hakika?

"Nitajaribu niwezavyo."

Dada akatikisa kichwa kwa ridhaa. Kwetu, aliyelelewa vyema huahidi hivyo. Anayejinadi kuwa ataweza, na kesho hajaiona, ndiye wa kuogopwa. Hata mimi nilisikia jibu zuri.

Bosi akatabasamu, akasema amefurahi mno kuzungumza naye. Dada akapeleka halwa kwa majirani.

Wiki iliyofuata wakampigia simu. Kiingereza chake ni kizuri sana, wakasema, ila hajiamini.

"Si nilimwambia ndiyo?" akaniuliza. "Tena mara mbili, mjomba!"

Nikamshauri siku nyingine aseme tu: naweza.

Dada akanigeukia. "Ajisifu mbele ya mwanamume asiyemjua? Hayo ndiyo uliyosomea, msomi wangu?"

Nafasi nyingine ilipotangazwa, nilimpelekea habari mbio.

"Tutaona, mjomba," akasema kwa upole, akinimiminia chai.

Mimi ni mzaliwa wa hapa. Najua hiyo ni hapana.